Binti yangu kapewa zawadi ya kupungua, mbona silali?

BARUA

Asalaam aleikum dada mshauri,

Safu yako naisoma kila wiki, na siku zote nilidhani ni ya watu wenye matatizo. Leo zamu yangu. Naishi Tanga, nauza vitambaa. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, kwa mwezi tunamuona siku nne, tano zikizidi. Tuna watoto watatu. Nakuandikia habari za wa kwanza, binti wa miaka 14, yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa ya binafsi.

Binti yangu tangu mdogo ana mwili. Kwetu ni asili, kwa mama na kwa baba. Mama yangu mzazi alikuwa hivyo hivyo, kisukari kikamuanza mapema. Kilichukua mguu kwanza, baadaye kikamchukua mwenyewe. Nilimuuguza mimi. Kwa hiyo Januari shule ilipotuita wazazi kutuambia inaanzisha mpango wa afya kwa wanafunzi, aliyepiga makofi kuliko wote ni mimi.

Na mpango una mazuri yake, nisiseme uongo. Duka la shule limeacha kuuza soda, chipsi na ile juisi ya rangi, siku hizi kuna matunda na mahindi ya kuchemsha. Jioni watoto wanacheza mpira wa pete, rede, kuruka kamba. Wamelima bustani ya mchicha. Mara moja kwa wiki mwalimu wa ushauri nasaha anakaa nao, wanaongea mambo ya balehe na hofu ya mitihani. Binti yangu alikuwa akirudi ananisimulia, na yeye si msemaji.

Tatizo ni mizani. Kila mwanzo wa mwezi wanapimwa ukumbini, darasa zima limepanga mstari. Mwalimu wa michezo anasoma kilo kwa sauti, mwanafunzi mmoja anaandika kwenye daftari, kisha jina linabandikwa rangi ubaoni: kijani, njano au nyekundu. Januari binti yangu alikuwa na kilo 71, urefu sentimita 158. Nyekundu. Alirudi akaingia chumbani na sare yake, akasema kichwa kinamuuma. Aliponieleza baadaye nikamwambia, "Si ndiyo vizuri, sasa utapungua." Ndivyo nilivyomjibu, dada.

Ikaingia Ramadhani. Akafunga kama sisi sote. Ikaisha, akaunganisha sita za Shawwal, nikamshukuru Mungu. Sita zikaisha, akaanza Jumatatu na Alhamisi. Siku ambazo hafungi, nampa chakula cha kwenda nacho shule. Usiku sisi tunakula sinia moja, yeye akaomba sahani yake. Nikaona mtoto kakua, anataka mambo yake.

Siku ya wazazi wakamwita mbele. Kilo 59. Kapungua kuliko mwanafunzi yeyote. Akapewa cheti na chupa ya maji, na mwalimu akasema kwenye kipaza sauti kwamba bado kidogo tu aingie kijani. Nilipiga vigelegele. Picha niliiweka status.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafagia chumbani kwake. Chini ya kitanda nikakuta vifurushi vya magazeti: chapati, maandazi, yai la kuchemsha, sisimizi wamejaa. Vingine vilikuwa vimeota ukungu. Nikakaa pale pale sakafuni nikaanza kuhesabu. Ramadhani nzima huyu mtoto hakuacha kufunga hata siku moja. Mimi mwenyewe nilikuwa na deni la siku sita za hedhi. Yeye hedhi yake ilikwenda wapi? Amevunja ungo na miaka 11 na kila mwezi alikuwa haendi mbali na tarehe zake. Nikafungua kabati, pedi nilizomnunulia Februari ziko kama nilivyozinunua. Nikaogopa unaloliogopa na wewe hapo ulipo. Nikaenda duka la dawa kununua kipimo cha mimba, nikafika kaunta nikanunua panado.

Tangu hapo macho yamenifunguka. Anavaa sweta, Tanga hii, saa saba mchana. Juzi kapata kizunguzungu uwanjani wakamkalisha kivulini. Nikimuuliza mbona huli, ananijibu kwa adabu kabisa: "Mama, nimefunga. Unanikataza ibada?" Nakosa la kusema.

Nimempigia baba yake. Kasema, "Muache, mtoto kapendeza. Unataka aende kama bibi yake?" Na huyo mwalimu wa michezo ni jirani yangu, mlango kwa mlango, ndiye anayeshika fedha za kikoba chetu. Mwezi ujao zamu yangu ya kukopa.

Nimtoe kwenye mpango? Nikimtoa anapoteza mpira wa pete, na yeye ndiye mfungaji wao. Nikimuacha, Mungu anajua. Na je, nikimtoa, akirudia mwili wake, kisukari kikaja, nitamwambia nini?

Mama wa binti, Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma asubuhi nikaisoma tena usiku. Unayemsimulia ni mtoto, lakini nimemuona na bibi yake, maana unazo hofu mbili na zinakuvuta huku na huku. Moja ni ya mguu wa mama yako. Nyingine ni ya vile vifurushi vya magazeti. Umejikuta kama unaambiwa uchague mtoto afe kwa kipi. Ndiyo maana hulali. Nataka tuliangalie hilo, lakini kuna jambo linatangulia, na kwa hili sitakubembeleza.

Mpeleke kwa daktari wiki hii. Mambo ya shule yatasubiri. Kilo 12 ndani ya miezi isiyozidi minne ni nyingi kwa mtoto. Hedhi iliyokuwa na tarehe zake ikakatika miezi mitatu, baridi kwenye joto la Tanga, kizunguzungu uwanjani: mwili usiopata chakula hubana matumizi, unazima kimoja kimoja, na moyo nao hupunguza mwendo. Watu wengi wanadhani mtoto anayejinyima chakula ni yule aliyebaki mifupa. Hapana. Binti yako yupo kwenye njano, pengine mpita njia atasema ana afya tele, na bado anaweza kuwa mgonjwa sawasawa na yule wa mifupa. Ukifika hospitali taja hizo kilo na muda wake, taja hedhi, taja vifurushi. Omba wampime mapigo ya moyo na presha akiwa amelala na akiwa amesimama, na damu waangalie chumvi zake, hasa potasiamu. Usiridhike na neno "kapungua vizuri".

Kipimo cha mimba watakiomba. Kwa msichana yeyote ambaye hedhi imekatika ni jambo la kawaida, na dada, ulivyokimbilia panado nimecheka kidogo, kisha sikucheka. Mwambie mapema, njiani, kwamba watapima na kwamba humshuku. Kisha umpe nafasi aongee na daktari au nesi wewe ukiwa nje ya mlango. Kuna maneno mtoto hayasemi mbele ya mama, hata mama mwema.

Na hadi umpeleke, usimkalishe mbele ya mlima wa wali umlazimishe aumalize. Mwili uliozoea kunyimwa ukishindiliwa ghafla nao hudhurika, daktari ndiye atakayekupa mwendo.

Tuje kwenye swaumu, maana hapo ndipo ulipofungwa mdomo. Huwezi kumwambia mtoto aache ibada, naye anajua huwezi. Lakini jiulize taratibu: je, lazima iwe ni uongo? Huenda alianza kwa nia safi kabisa, Ramadhani, pamoja nanyi. Kisha akagundua kwamba mfungaji haulizwi mbona huli, na kwamba kilo zinashuka. Mambo mawili yakakaa chumba kimoja, na sasa pengine hata yeye hawezi kuyatenganisha. Ukimwita mnafiki utampoteza. Njia nyingine ni kumtafuta mtu anayemuheshimu, ustadhati wa madrasa au shangazi mjuzi, amkumbushe kwamba mgonjwa karuhusiwa kula hata Ramadhani yenyewe, imo ndani ya Surat al-Baqara, sembuse sunna. Hatari yake ni kwamba huyo utakayemchagua naye akawa miongoni mwa waliompongeza kwa kupungua. Muulize kwanza wewe, peke yenu.

Sasa shule. Umeandika mambo mengi ya huo mpango, ukahitimisha na swali moja: nimtoe au nimuache. Nimehesabu vitu vilivyomo: duka, michezo, bustani, mazungumzo ya kila wiki, mizani. Vinne umevisifu mwenyewe. Umewahi kufikiri kwamba huenda kinachomtesa si mpango mzima?

Nisikilize vizuri, siidharau hofu ya kisukari. Iko kweli, na kwenye ukoo wenu ina sababu zaidi. Shule inayoondoa soda dukani na kumpa mtoto uwanja imefanya jambo la maana. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate walau dakika 60 za kuuchosha mwili kila siku, na wengi wa watoto wetu wa mjini hawazipati. Ninachokiuliza ni ile rangi ubaoni. Vipimo vya uzito na urefu wa watoto wa miaka 5 hadi 19, ambavyo shirika hilo hilo liliviandaa mwaka 2007, vinakwenda kwa umri na jinsia, na vinamsaidia mhudumu wa afya kumfuatilia mtoto mmoja kwa muda. Ukiviweka ukumbini vinageuka msimamo wa ligi. Isitoshe, mtoto anayekua si mtu mzima. Mara nyingi lengo la kwanza huwa uzito usiendelee kupanda huku kimo na tabia ya kula vikijijenga. Nani aliyemwambia huyu binti, au mwalimu wake, kwamba akipungua haraka ndiyo salama zaidi?

Wenzetu wamelijaribu hili la mizani. Huko California, Marekani, walichukua shule 79. Nyingine zikapima wanafunzi na kuwapelekea wazazi barua za uzito, nyingine zikapima bila barua, nyingine hazikupima kabisa. Matokeo yalichapishwa 2021. Barua hazikupunguza uzito wa watoto. Lakini waliopimwa shuleni walizidi kutoridhika na miili yao, na maneno ya uzito baina ya watoto yakaongezeka. Na huko mpango wenyewe haukuwa na kusoma kilo kwa sauti, wala vyeti.

Kule Minnesota nako kulikuwa na mpango wa wasichana wa sekondari ukiitwa New Moves. Michezo ya wasichana peke yao, mafunzo ya chakula, mazungumzo ya mtu mmoja mmoja na mshauri, na hakuna aliyehimizwa ajinyime. Wasichana walikuwa 356 kutoka shule 12. Mwishoni, uzito wao kwa wastani haukutofautiana na wa wenzao. Mwalimu wa kwenu angesema umefeli. Lakini walipunguza njia mbaya za kujikondesha, wakala vizuri zaidi, wakaiona miili yao kwa jicho jema. Mimi nikiusoma utafiti ule nauona umefanya kazi. Wewe ungeuonaje, kabla ya vile vifurushi na baada yake?

Nitakutajia na wa jirani, maana umesema binti alikuwa akirudi anakusimulia yale mazungumzo ya kila wiki na mimi sentensi hiyo imenikaa kichwani. Kenya kuna mpango wa shule za sekondari ulioanzishwa na kijana Tom Osborn na wenzake, unaitwa Shamiri, kwa maana ya kustawi. Vijana wa miaka 18 hadi 22 wanafundishwa kidogo, kisha wanakaa na wanafunzi vikundi vikundi, vikao vinne tu. Wanaongea juu ya kushukuru, juu ya kile mtu anachokithamini, juu ya uwezo wa mtu kubadilika. Ugonjwa hautajwi, hivyo hakuna anayeona aibu kuingia. Walipowafuatilia wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, waliopitia vikao hivyo walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko waliopewa stadi za masomo. Kwa hiyo kile kikao cha shuleni kwenu pengine ndicho kitu cha mwisho ungetaka kumkosesha.

Ukimtoa kwenye mpango wote, basi, mizani inaondoka, lakini na mpira wa pete unaondoka, na mwalimu wa ushauri nasaha, na wenzake. Tena daktari anaweza kumsimamisha michezo kwa muda mpaka moyo na damu vitengemae, hilo ni tofauti na kumtoa, mweleze tofauti yake. Ukimuacha kama ilivyo, Juni atapimwa tena, na akiongeza kilo moja baada ya matibabu, itasomwa kwa sauti mbele ya waliompigia makofi. Lifikirie hilo.

Ipo njia ya katikati: aendelee na vyote isipokuwa mizani. Mzazi ana haki ya kuomba mwanawe asipimwe hadharani. Barua fupi kwa mkuu wa shule, ikiambatana na karatasi ya daktari, inaweza kutosha. Kasoro yake ni kwamba siku ya kupima atakuwa yeye peke yake pembeni, na watoto wana maneno. Kama wapo wazazi wengine wawili watatu wenye wasiwasi kama wako, na ningeshangaa wasiwepo, ombi linaweza kuwa la wote: wapimwe faragha na mhudumu wa afya, rangi ziondoke ubaoni, zawadi zitolewe kwa kingine. Hapo linaacha kuwa jambo la binti yako.

Na jirani yako? Umemuandika kama hakimu, nami kutoka huku naona mwalimu wa michezo aliyepewa mizani na ubao akaambiwa alete matokeo. Huenda hajui hata kidogo. Ungeweza kumwendea jioni, kikombe cha chai, bila neno "shule yenu". Umuoneshe tu picha ya vifurushi, kama ulipiga. Inawezekana akalia. Inawezekana pia akajitetea, akaleta mambo ya kikoba, na utamu wa baraza lenu ukapotea kwa muda. Kama mkopo wa mwezi ujao ndio unaokuziba mdomo, jikiri hivyo wewe mwenyewe, hakuna aibu, watoto watatu wanakula. Unaweza kuanza na mkuu wa shule au yule mwalimu wa ushauri nasaha badala yake. Ila mlango kwa mlango habari hufika, na ataumia kuzisikia kwingine.

Kuna jambo la nyumbani, nalo nalisema nikijua umeshajilaumu vya kutosha. Lile jibu la Januari, "sasa utapungua". Huyu mtoto ameitwaje maisha yake yote? Kibonge? Tipwatipwa? Najua ni mapenzi, mimi kwetu niliitwa kimbaumbau mwiko wa pilau hadi naolewa. Lakini mtoto wa miaka 14 aliyesomewa kilo ukumbini akirudi nyumbani anasikia jina lile lile kwa mapenzi, masikio yake hayatenganishi. Hata "umependeza" ya sasa anaisikia hivi: ukirudi ulivyokuwa, utachukiza. Ungeweza kujaribu mwezi mmoja nyumba nzima bila neno juu ya mwili wa mtu yeyote, wako mwenyewe ukiwemo. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika.

Baba yake naye anamuogopea kifo, kama wewe, tofauti ni kwamba yeye hakukaa sakafuni kwenye sisimizi. Usibishane naye kwa simu. Mpe namba alizopima daktari, mapigo ya moyo na presha. Wanaume wa barabarani wanaelewa gari linaloonesha taa nyekundu.

Halafu binti mwenyewe. Barua yako ni ndefu na nzuri, nimemsikia mwalimu, mume, jirani. Yeye nimemsikia mara moja tu, akisema "Mama, nimefunga." Hakuna mahali ulipomuuliza ile siku ya kwanza ukumbini alijisikiaje. Muulize mkiwa mnafanya kitu, mnakunja vitambaa, hamtazamani. Mwambie ulivikuta vifurushi na hukukasirika. Kisha nyamaza, hata kama yeye naye atanyamaza, hata kama atakuambia "sijui" mara tatu. Akitaka kuongea na mtu asiyemjua, ipo namba 116, ya watoto, ni bure. Na hospitali ya mkoa muulizie mtaalamu wa afya ya akili, usiogope jina. Kujinyima chakula kwa namna hii kunatibika, na anayewahi hutibika vyema zaidi.

Sinia nalo usiliondoe. Asipokaribia, sahani yake iwekwe pale pale mkekani, karibu na yako.

Kimoja sikukiona kwenye barua yako. Kile cheti kiko wapi? Kama kipo ukutani sebuleni, usikishushe kimya kimya akirudi akute pengo. Muulize yeye anataka kikae au kitoke, na umsikilize sababu zake. Kisha niandikie.